Bega linalouma: kwa nini zoezi linalomponya mmoja humuumiza mwingine

Karatasi ya altrasaundi ya bega hutisha kuliko bega lenyewe. Mtu wa miaka 50 anaisoma na kukuta kano imechakaa, imechanika kidogo, kifuko cha ute kimevimba. Anarudi nyumbani akiamini kwamba kila akiinua mkono anaongeza mpasuko, basi anaubana kifuani na kuacha kuutumia. Baada ya miezi miwili ana matatizo mawili: maumivu yale yale, na bega lililokakamaa na kudhoofu kwa kukaa bure.

Mwaka 2011 watafiti nchini Marekani walichapisha matokeo ya kuwapima kwa altrasaundi wanaume 51 wa miaka 40 hadi 70 ambao hawakuwa na maumivu yoyote ya bega. Asilimia 96 walikutwa na kasoro: kifuko kilichonenepa, kano zilizochakaa, hata mipasuko. Kasoro nyingi za aina hiyo ni mvi za ndani. Zinaeleza umri, na si lazima zieleze kinachouma. Kipimo kina kazi yake, lakini si mahali pa kuanzia.

Pa kuanzia ni swali moja: mkono huu unakataa kufanya nini, na unakataa kwa namna gani? Jibu lake huyagawa maumivu mengi ya bega katika makundi matatu. Kuna bega linalosogea lakini linauma likibebeshwa kazi. Kuna bega lisilosogea hata likisogezwa na mtu mwingine. Na kuna bega lisilo na kosa lolote, kwa sababu maumivu yanatoka shingoni, moyoni au tumboni. Kila kundi lina tiba yake, na ndiyo maana ile karatasi ya mazoezi iliyotolewa nakala na kugawiwa kila anayesema "bega" humsaidia mmoja na kumharibia mwingine.

Kilichomo ndani ya bega

Kichwa cha mfupa wa mkono ni kikubwa na cha duara. Tundu lake, lililo kwenye bapa la bega (ule mfupa mpana wa pembetatu mgongoni), ni dogo na halina kina. Wakati wowote ni robo hadi theluthi tu ya kichwa hicho inayogusana na tundu. Hiyo ndiyo siri ya mkono kufika nyuma ya mgongo, juu ya kichwa na kila upande, na ndiyo sababu bega hutenguka kuliko kiungo kingine chochote kikubwa.

Kinachokiweka kichwa mahali pake ni misuli minne midogo inayoanzia kwenye bapa: mmoja juu, miwili nyuma, mmoja mbele. Kano zao huungana na kukizunguka kichwa cha mfupa, na kwa pamoja huitwa rotata kafu. Kazi yake kuu si kuinua mkono. Msuli mkubwa wa nje ya bega, deltoidi, unapovuta mkono juu, misuli minne hukikaza kichwa kibaki katikati ya tundu. Ikichoka au ikiuma, deltoidi hukivuta kichwa juu na mkono hukosa mwelekeo.

Bapa lenyewe nalo halikai tuli. Ukiinua mkono hadi juu kabisa, karibu nyuzi 180, takriban nyuzi 120 hutoka kwenye kiungo cha bega na 60 hutoka kwa bapa kuzunguka juu ya mbavu. Kumbuka hesabu hiyo, maana inapingana na amri inayosikika katika vyumba vingi vya mazoezi: "Vuta mabega nyuma na chini, yabane hapo." Ukilibana bapa chini huku unainua mkono, umelinyima nafasi ya kuzunguka, na kano hukamuliwa zaidi. Mkono ukipanda, bega linaruhusiwa kupanda nalo kidogo.

Kwa miongo mingi maelezo ya maumivu haya yalikuwa ni msuguano. Mwaka 1972 daktari wa upasuaji wa Marekani, Charles Neer, alieleza kwamba kano inasagwa na ncha ya mfupa iliyo juu yake, na dawa ni kuichonga ncha hiyo. Watu wengi mno walichongwa. Kisha mwaka 2018 jarida la Lancet likachapisha jaribio la Uingereza lenye wagonjwa 313: wengine walichongwa mfupa, wengine waliingiziwa kamera tu bila kuchongwa chochote, wengine hawakufanyiwa kitu. Waliochongwa hawakuwazidi wale wa kamera tu, na tofauti kati yao na wasiofanyiwa kitu ilikuwa ndogo mno kumnufaisha mgonjwa. Jaribio la Finland mwaka huo huo lilifikia mahali pale pale, na mwaka 2019 jopo lililokutanishwa na jarida la BMJ lilipendekeza kwa msisitizo operesheni hiyo isifanywe kwa maumivu ya aina hii. Hata hivyo neno "msuguano" bado linatawala kliniki nyingi, na ubaya wake ni kwamba humfanya mgonjwa aogope kuinua mkono wakati kuinua ndiko kutakakomtibu.

Jaribio la kutenganisha makundi

Keti wima. Bana kiwiko kwenye mbavu, kikunje nyuzi 90, kiganja kikitazama ndani. Bila kiwiko kuacha mbavu, fungua kiganja kuelekea nje kama unavyosukuma mlango. Fanya kwa mkono mzima kwanza, halafu kwa unaouma. Kisha mwombe mtu mwingine akushike kifundo cha mkono na akufungulie taratibu huku wewe umelegea kabisa.

Mkono mzima hufunguka nyuzi 60 au zaidi kwa watu wengi. Kama unaouma unafika karibu sawa na mwenzake, hata kama unauma mwishoni, kiungo hakijaganda. Kama unagoma nusu ya njia, na hata yule msaidizi anagonga ukuta pale pale, hilo ni bega lililoganda au, kwa mzee zaidi, kiungo kilicholika gegedu. Eksirei ndiyo hutofautisha hayo mawili: kwenye bega lililoganda mifupa huonekana ya kawaida. Eksirei inafaa pia kwa sababu bega lililotenguka kuelekea nyuma, hasa baada ya degedege au shoti ya umeme, hugoma kufunguka vivyo hivyo, na hukosewa mara nyingi.

Halafu inua mkono kupitia ubavuni, dole gumba likitazama juu. Maumivu yanayoanza mkono ukiwa chini kidogo ya usawa wa bega, yakazidi kati ya nyuzi 60 na 120, kisha yakapungua ukifika juu, ni alama ya kano. Maumivu ya kano hukaa upande wa nje wa mkono wa juu, pale panapochomwa chanjo, na mara chache huvuka kiwiko. Yakishuka hadi vidoleni, yakiambatana na ganzi, au yakibadilika ukigeuza shingo, itazame shingo kwanza. Mtu anaweza kufanya mazoezi ya bega miezi sita bila faida kwa ajili ya mshipa wa fahamu uliobanwa shingoni.

Kuna hali ambazo hazingoji mazoezi wala kuchuliwa. Maumivu ya bega la kushoto yanayokuja ukipanda ngazi na kuondoka ukipumzika, au yanayoambatana na jasho na kubanwa kifua, ni ya moyo hadi ithibitishwe vinginevyo. Mwanamke anayeweza kuwa mjamzito akapata maumivu ya tumbo pamoja na maumivu ya ghafla kwenye ncha ya bega apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, kwani damu iliyovuja tumboni kutokana na mimba iliyotunga nje ya kizazi huamsha maumivu begani. Homa na bega la moto lililovimba ni usaha mpaka upimwe. Kukonda, jasho la usiku na bega linalozidi kukauka kwa miezi kunahitaji kufikiriwa kifua kikuu cha kiungo au saratani. Mwenye selimundu anayeumwa bega muda mrefu apigwe eksirei mapema, kwa kuwa kichwa cha mfupa kinaweza kuwa kinakufa kwa kukosa damu. Na aliyeanguka, akasikia mkato, na kesho yake akashindwa kabisa kuinua mkono, aonwe na daktari wa mifupa ndani ya siku chache. Mpasuko mkubwa wa ghafla una dirisha la wiki kadhaa ambamo kushonwa hufaa zaidi; baadaye kano hujikunja na msuli wake hugeuka mafuta. Huyo asivutwe mkono na mwunga mifupa kabla ya eksirei.

Bega linalosogea lakini linauma

Hili ndilo kundi kubwa zaidi. Limejaa waashi wanaopiga lipu darini, mafundi rangi, wasusi wanaosimama saa sita viwiko vikiwa hewani, wachezaji wa wavu, na watu waliolima shamba zima wikiendi moja baada ya miezi ya kukaa ofisini. Mara nyingi kano ilibebeshwa ghafla kuliko ilivyozoea, au ilidhoofishwa polepole kwa kutotumika kisha ikadaiwa kazi.

Kano hupona kwa kubebeshwa mzigo unaoongezeka kidogo kidogo, basi zoezi lina dozi kama dawa: uzito kiasi gani, mara ngapi, kwa siku ngapi. Kabla ya zoezi lolote, shika kanuni ya maumivu. Kwa kipimo cha 0 hadi 10, maumivu ya hadi 3 au 4 wakati wa mazoezi yanaruhusiwa, mradi kesho asubuhi bega limerudi lilipokuwa. Likiamka baya zaidi, punguza uzito au idadi kwa theluthi, usiache. Anayengoja maumivu yafike 0 ndipo aanze hataanza, na anayelazimisha 7 kila siku atakata tamaa wiki ya pili.

Wiki mbili za kwanza lengo ni kutuliza bila kulaza. Simama ubavu wa mkono unaouma ukielekea ukuta, kiwiko kimekunjwa nyuzi 90, taulo lililokunjwa likiwa kati ya kiwiko na mbavu, mgongo wa kiganja ukigusa ukuta. Sukuma ukuta kwa nje kwa nusu ya nguvu zako na ushikilie sekunde 30. Pumzika dakika moja, rudia hadi zifike 5. Fanya asubuhi na jioni. Hakuna kinachosogea, lakini misuli ya nyuma ya bega inafanya kazi, na wengi hupata nafuu ya muda papo hapo. Ongeza kuteleza mezani: keti mbele ya meza, weka viganja juu ya kitambaa, teleza mbele ukiinamisha kifua mpaka uhisi mvuto, rudi, mara 15.

Kuanzia wiki ya tatu unabebesha mzigo. Huhitaji vifaa vya jimu. Mpira wa tyubu ya baiskeli, ule ule unaofungia mizigo, ukikatwa utepe wa upana wa sentimita 3 na urefu wa mita moja na nusu unatosha. Chupa ya nusu lita ikijaa maji ni nusu kilo. Ya lita moja na nusu ni kilo moja na nusu. Ukiijaza mchanga mkavu inapita kilo 2. Paketi ya unga ina uzito uliochapwa juu yake.

Funga mpira kwenye nguzo au kitasa imara, usawa wa kiwiko. Simama ubavu wa mkono mzima ukielekea nguzo, kiwiko cha mkono unaouma kwenye mbavu na taulo lake, shika mpira na uvute kuelekea nje. Sekunde moja kuvuta, sekunde tatu kurudisha. Mara 10 hadi 15, pumzika dakika moja na nusu, raundi 3. Uzito ni sahihi kama marudio mawili ya mwisho ni magumu lakini mkono hauyumbi. Ukimaliza 15 huku unapiga soga, mpira ni mlegevu. Sogea mbali na nguzo hatua moja. Hapa ndipo mazoezi mengi hufeli: mgonjwa anapewa mpira mwepesi siku ya kwanza na bado anavuta ule ule mwezi wa tatu. Kano iliyozoea haijengeki.

Kosa la pili hapo ni kiwiko kutoka mbavuni na kwenda nyuma. Likitokea, deltoidi na mgongo vinafanya kazi na misuli ya rotata kafu imelala. Taulo ndilo mlinzi: likianguka, umekosea. La tatu ni kuzungusha kiwiliwili badala ya mkono. Jitazame kitovu, kisigeuke.

Pamoja na hilo fanya kuvuta makasia, yaani mpira ukiwa mbele yako usawa wa kitovu, unavuta viwiko nyuma kupita mbavu, 12 kwa raundi 3. Na pushapu za ukutani, miguu hatua moja na nusu kutoka ukutani, 10 kwa raundi 3, ukiongeza kusukuma mgongo nyuma kidogo mwishoni ili msuli unaoshikilia bapa kwenye mbavu ufanye kazi. Ukutani kukiwa rahisi, hamia meza nzito, kisha kiti kilichoegemezwa ukutani.

Kuinua chupa ndiko watu hukimbilia mapema mno. Anza nayo wiki ya nne au ya tano, nusu kilo, dole gumba juu. Usiinue ubavuni moja kwa moja wala mbele kabisa. Njia nzuri iko katikati, mkono ukielekea mbele ya ubavu kwa nyuzi kama 30, ambako bapa lenyewe ndiko linakotazama. Panda hadi usawa wa bega, shuka kwa sekunde tatu. 8 hadi 12, raundi 3. Mkono ukipanda bila maumivu kuvuka 4, endelea juu hadi sikioni.

Mazoezi ya mzigo hufanywa siku moja, inayofuata hupumzika. Siku ya mapumziko unaweza kuteleza mezani na kutembea. Kuyafanya yote kila siku kwa bidii huonekana kama juhudi, lakini kano inahitaji takriban siku moja hadi mbili kujijenga baada ya mzigo mzito. Na usilijaribu bega kila dakika kwa kuinua mkono uone kama bado linauma. Majaribio 60 kwa siku ni zoezi lisilo na dozi.

Kuanzia wiki ya nane hivi mazoezi yafanane na kazi yako. Mwashi asukume chupa ya kilo moja na nusu juu ya kichwa, 8 kwa raundi 3, kisha mchanga. Msusi ashikilie mikono usawa wa macho na chupa za nusu kilo kwa sekunde 30, kisha 45, kisha 60, kwa sababu kazi yake inadai ustahimilivu kuliko nguvu. Mchezaji wa wavu aanze kurusha mpira mwepesi ukutani kabla ya kurudi kupiga. Huku nyuma, kazi yenyewe irekebishwe: jukwaa la fundi lipandishwe ili mikono ifanye kazi usawa wa kifua, mteja wa msusi akae kwenye kigoda kifupi zaidi. Kigoda kinaweza kufanya kazi kubwa kuliko vidonge.

Muda ni wiki 12. Wengi huona nafuu wiki ya nne hadi ya sita na wakaacha hapo hapo, kisha maumivu yakarudi ndani ya mwezi. Nafuu hutangulia nguvu. Ukifika mwisho, mara mbili kwa wiki inatosha kuhifadhi ulichopata.

Mpasuko kwenye karatasi haubadilishi mpango huu kama haukutokana na ajali. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa 2013, wagonjwa waliokuwa na mpasuko kamili wa kano usio wa ajali walipewa mazoezi kwanza, na chini ya robo yao ndio waliochagua operesheni ndani ya miaka miwili.

Bega lisilosogea hata likisogezwa

Bega lililoganda huwapata zaidi watu wa miaka 40 hadi 60, wanawake kuliko wanaume, na wenye kisukari mara kadhaa zaidi ya wengine. Matatizo ya tezi ya thairoidi nayo huongeza uwezekano. Mwenye bega la aina hii ambaye hajawahi kupimwa sukari apimwe. Kinachotokea ni kwamba mfuko unaokizunguka kiungo huvimba, kisha hunenepa na kukaza. Mwanzo ni maumivu makali, hasa usiku, huku mkono ukizidi kupungua mwendo. Mama hugundua hawezi kufunga sidiria au kumbeba mtoto mgongoni kwa kanga. Kisha maumivu hupungua lakini ukakamavu hubaki. Mwishowe huachia taratibu. Safari nzima huchukua mwaka mmoja hadi mitatu, na baadhi hubaki na upungufu mdogo wa mwendo.

Hapa ndipo nguvu inapoleta hasara. Katika miezi ya maumivu, kulivuta bega kwa nguvu, au kumlaza mgonjwa na kumkandamiza mkono hadi alie, huuchokoza mfuko ambao tayari umevimba. Utafiti wa Uholanzi wa mwaka 2004 uliwafuatilia wagonjwa 77: waliofanya mazoezi mepesi ndani ya mipaka ya maumivu walifika mbali kuliko waliovutwa kwa nguvu. Kukanda kwa maji ya moto dakika 10 kabla ya mazoezi hakuna ubaya na hulegeza misuli. Kuchua kwa mafuta hutuliza pia. Kuvunja ugumu kwa mikono ndiko kusikofaa.

Dozi ya bega hili ni fupi na ya mara nyingi: dakika 5, mara 3 au 4 kwa siku, kila siku. Inama ukiegemea meza kwa mkono mzima, uache unaouma uning'inie na uuyumbishe kwa kutikisa kiwiliwili, duara ndogo, dakika moja. Lala chali, shika kifundo cha mkono unaouma kwa mkono mzima na uuinue kuelekea kichwani mpaka uanze kuvuta, shikilia sekunde 5, shusha, mara 10. Ukiwa bado chali, viwiko mbavuni, shika fimbo ya ufagio kwa mikono miwili na utumie mkono mzima kuusukuma mwingine ufunguke nje. Sekunde 5, mara 10. Maumivu ya mvuto yawe yameisha ndani ya dakika chache.

Maumivu ya usiku yakishapungua na kilichobaki ni ugumu, ongeza: shikilia sekunde 30 badala ya 5, na uanze kupandisha mkono mgongoni kwa taulo, mkono mzima ukivuta taulo kutoka juu. Zoezi hilo la taulo lisianze mapema. Ndilo linalochokoza zaidi. Mpira na chupa navyo vinakuja mwishoni, mwendo ukiwa umerudi kwa sehemu kubwa.

Sindano ya steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe) ndani ya kiungo ina faida kubwa zaidi hapa kuliko kwenye kano, hasa ikitolewa katika miezi ya mwanzo: hupunguza maumivu kwa wiki kadhaa, na wiki hizo ndizo za kufanya mazoezi. Mwenye kisukari ajue kwamba sukari itapanda kwa siku kadhaa baada ya sindano, apime mara nyingi zaidi na kumuuliza daktari kuhusu dozi zake. Jaribio kubwa la Uingereza la mwaka 2020, wagonjwa 503, lilifananisha fiziotherapia pamoja na sindano, kulegezwa bega chini ya usingizi, na operesheni ya kukata mfuko. Baada ya mwaka mmoja hakuna njia iliyowazidi wenzake kwa kiasi cha maana. Hiyo ni sababu tosha ya kuanza na iliyo nafuu.

Vidonge, mashine na nauli

Paracetamol ni salama zaidi. Diclofenac na ibuprofen hutuliza kwa siku chache, lakini mwenye vidonda vya tumbo, figo mbovu, shinikizo la juu la damu au umri mkubwa asizinunue dukani bila kuuliza. Sindano ya steroidi kwa maumivu ya kano huleta ahueni ya wiki chache, na haibadilishi hali ya mwaka mzima. Ikirudiwarudiwa hudhoofisha kano. Mashine ya mawimbi ya altrasaundi na zile za umeme zina ushahidi hafifu. Ukilipia kikao cha dakika 30 ukapewa 25 za mashine na 5 za mazoezi, umenunua sehemu isiyofaa.

Na vikao vinahitajika vingapi? Lancet ilichapisha mwaka 2021 jaribio la Uingereza la watu 708 wenye maumivu ya kano. Nusu walipata hadi vikao 6 vya mazoezi. Nusu walipata kikao kimoja kizuri cha hadi saa nzima, pamoja na kitabu cha mazoezi ya kufanya nyumbani. Baada ya miezi 12 hapakuwa na tofauti ya maana. Kwa anayelala njiani au kupanda mabasi mawili kumfuata mtaalamu wa fiziotherapia katika hospitali ya mkoa au kaunti, hii ni habari kubwa: omba kikao kimoja kirefu, fanya mazoezi yote mbele ya mtaalamu, rekodi kwa simu akikurekebisha, ondoka na idadi zilizoandikwa, rudi baada ya wiki 6. Hilo linawahusu wenye kano. Bega lililoganda, lililotenguka au lililofanyiwa operesheni linahitaji kufuatiliwa kwa karibu zaidi.

Usingizi nao upangwe. Usilalie bega linalouma. Ukilala ubavu wa pili, kumbatia mto ili mkono usianguke kifuani. Ukilala chali, weka taulo lililokunjwa chini ya kiwiko ili mkono usiachwe ukining'inia nyuma ya mwili.

Anayemuuguza mtu aliyepata kiharusi asimnyanyue kwa kumvuta mkono uliopooza wala kwa kumshika kwapani. Bega lisilo na misuli inayolikaza hushuka kutoka kwenye tundu lake kwa uzito wa mkono tu. Mkono uwekwe juu ya mto akikaa, na anyanyuliwe kwa kushikwa kiunoni.

Pima maendeleo kwa vitu unavyoviona: alama ya chaki ukutani pale vidole vinapofika, usiku mangapi kwa wiki umelala bila kuamshwa na maumivu, marudio mangapi ya chupa ile ile. Andika kila Jumapili. Ikiwa ni bega la kano na baada ya wiki 6 hakuna hata kimoja kilichosogea, rudi ukague mbinu na uzito kabla ya kubadilisha tiba, maana tatizo mara nyingi ni kiwiko kilichotoka mbavuni au mpira mlegevu. Ikiwa ni wiki 12 za mazoezi yaliyofanywa sawasawa na bado hakuna kitu, hapo ndipo altrasaundi au MRI (kipimo cha picha kwa sumaku) inapopata kazi yake: nenda nayo kwa daktari wa mifupa pamoja na daftari la zile Jumapili.